Kipimo cha mionzi cha dola 110, baada ya miezi saba kwenye depo ya mitraye

Watu wameniuliza sana, na aliyetangulia kuuliza ni mume wangu: mama wa miaka arobaini na saba, anayeshinda kwenye mizani ya chuma chakavu hapa Kampemba, Lubumbashi, anatoaje dola 110 kununua kijidude cha kulia tik-tik? Basi nijibu mara moja, tena kwa maandishi, ili nisirudie.

Depo ni ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Mimi nilifundisha kemia sekondari miaka kumi na minne, mpaka mshahara ukawa hadithi, nikaja kumshikia daftari na mizani. Tunanunua mitraye, yaani vyuma chakavu, ya kila aina: mabomba, mota zilizoungua, betri za gari, nyaya za shaba, sufuria zilizotoboka. Vijana wanaleta kwa mikokoteni, wengine niliwafundisha mimi mwenyewe, na mpaka leo wananiita Madamu hata tukibishana bei ya kilo. Lori likijaa tunalipeleka fonderi, kiwanda cha kuyeyusha chuma.

Mwezi wa nne lori letu lilirudishwa. Fonderi hiyo, jina lake nalimeza, ina nguzo mbili mlangoni ambazo kila gari linapita katikati yake. Letu lilipopita, taa nyekundu, king'ora, mlinzi akaja mbio: "Kuna mionzi humu. Rudisheni." Ikaishia hapo. Hakuna karatasi, hakuna wa kutuambia ni kipande gani kati ya tani kumi na moja. Dereva alimwaga mzigo kwenye uwanja wetu, akaliosha gari kwa omo mara tatu, akaondoka bila kuomba pesa ya chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wapakiaji hawakuja kazini siku mbili. Yaya naye akaanza kuulizia ni depo gani inaweza kuununua mzigo huo usiku usiku.

Nikamwambia, yaya, mionzi haina harufu wala rangi, lakini ina kitu kimoja kizuri ambacho uchawi hauna: inahesabika. Akaniangalia. "Basi ihesabu." Ndiyo ilivyoanza.

Kipimo nilikiagiza mjini kwa kijana anayeuza simu, naye akakitoa China kupitia Dubai. Kilichukua wiki tano, na wiki tano hizo mzigo ulilala chini ya turubai. Siku ya kunikabidhi alinisifia bidhaa yake kwa kirefu, akisoma karatasi aliyoibandika dukani: kinapima mionzi ya simu, kinapima antena, kinagundua zebaki nyekundu, na kikikaribia almasi kinabadili sauti. Katika hayo yote hakuna hata moja la kweli. Ukiambiwa hivyo dukani, jua muuzaji hajakifungua hata kisanduku.

Kinachofanya kazi humo ndani ni mrija wa kioo, mrefu kama kidole cha kati, wenye gesi kidogo, na katikati yake umepita waya. Kati ya waya na ukuta wa mrija kuna umeme wa volti kama 400. Mnururisho ukipenya, unapasua atomi za gesi, umeme unaruka mara moja, kipimo kinasema tik. Hans Geiger na mwanafunzi wake Walther Müller waliuunda mrija wa namna hii mwaka 1928, na wa kwangu wala hautofautiani nao sana. Simu na antena zinatoa mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kupasua atomi. Mrija hauna habari nayo. Kuhusu almasi sina la kusema.

Nilipokiwasha mara ya kwanza, juu ya meza ya mizani, kilikaa kimya. Kisha tik. Kimya tena. Tik-tik. Kimya kirefu. Kama mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi juu ya mabati, ile ambayo bado haijaamua kama inakuja. Wapakiaji wakarudi nyuma wote pamoja. Nikawaeleza kwamba hiyo ni mionzi iliyokuwapo kabla ya babu zetu: inatoka ardhini, inatoka angani, inatoka hata kwenye potasiamu iliyo ndani ya miili yetu. Kwa wastani wa dunia, mtu anapata milisivati 2.4 (ndicho kizio cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka kwa njia hizo za asili, na wala hajui.

Hapa nitoe onyo litakaloniokoa na maswali mengi. Usikisome kipimo hiki kama saa. Pale mezani kinahesabu tik kama 20 kwa dakika, na kwa hesabu ndogo namna hiyo namba ya kwenye kioo inarukaruka: 0.08, mara 0.22, mara 0.13 za mikrosivati kwa saa (mikrosivati elfu ndiyo milisivati moja), na hakuna kilichobadilika. Ukihesabu tik 25, kubahatisha kwake ni kama 5 juu au chini. Ukivumilia hadi 400, kunabaki 20 tu, yaani asilimia tano. Kwa hiyo kiweke, kaa, kunywa chai, kisha ndiyo usome. Mtu anayekipitisha mbio juu ya kitu na kupiga kelele "imepanda!" anapima haraka yake.

Namna ya kukijaribu kabla hujalipa ni rahisi kama unayo karabai ya zamani nyumbani. Vile vifuko vyeupe vya karabai vilitiwa toriamu, kwa sababu oksidi yake ikipata moto inang'aa kweupe vizuri. Vya siku hizi vingi havina tena. Baba yangu aliacha viwili kwenye kopo la Nido, bado viko ndani ya karatasi yake. Nilipokisogeza kipimo, mvua ya mwezi wa kumi ikawa mvua ya mwezi wa kwanza. Kutoka 0.13 kikapanda hadi kupita 1. Nikaweka karatasi katikati: hakuna tofauti kubwa. Nikachukua mfuniko wa sufuria, ile nzito ya aluminiamu ambayo mafundi wetu wanaiyeyusha kutokana na mitraye, nikauweka katikati: sauti ikapungua mno, lakini haikuisha. Wanafunzi wangu niliwachorea hilo ubaoni miaka kumi na minne, aina tatu za mionzi, alfa inayokomea kwenye karatasi, beta kwenye bati la chuma, gama kwenye ukuta wa risasi, ile metali nzito, na sikuwahi kulisikia kwa masikio yangu mpaka siku ile, nimesimama na mfuniko mkononi kama mtu anayetaka kuangalia kama bukari, ugali wetu, imeiva.

Halafu tukafunua turubai.

Ilituchukua siku moja na nusu. Nilikifunga kipimo kwenye fimbo ya ufagio ndani ya mfuko wa plastiki, wapakiaji wakawa wanatoa kipande kimoja kimoja, mimi napima, kilicho safi kinakwenda kulia. Saa sita mchana wa siku ya pili kililia kwenye mabomba manne mazito, ya aina inayotumika kusafirisha tope la madini kwenye viwanda vya kuosha shaba na kobalti. Kwa ndani yalikuwa na gamba la njano-kahawia, gumu, nene kama ganda la karanga. Kugusana nayo, kipimo kilisema 1.9. Hatua mbili nyuma, 0.15.

Kwetu Katanga hilo halipaswi kumshangaza mtu. Shaba, kobalti na urani ni ndugu wa tumbo moja chini ya ardhi hii. Mwaka 2018 mgodi mkubwa wa Kolwezi ulisimamisha kwa muda kuuza kobalti nje kwa sababu kiasi cha urani kilichokuwa ndani yake kilipita kinachokubaliwa bandarini. Mabomba yanapopitisha tope hilo miaka mingi, kilichomo kinajishikiza ukutani kidogo kidogo, kama chokaa kwenye birika.

Tukatoa taarifa kwa ofisi inayohusika. Walifika siku ya tisa, watu wawili, mmoja kijana mwenye begi, mwingine mzee mwenye kofia ya zamani kidogo, ambaye alisomea mambo hayo Kinshasa. Walikuwa na kipimo chao kikubwa chenye cheti cha kusawazishwa. Chao kikasema 0.7 pale pale ambapo changu kilisema 1.9. Nikaona aibu, nikadhani nimepigwa na muuza simu. Mzee akacheka. "Mama, chako hakidanganyi. Kimesawazishwa kwa gama, na wewe umekigusisha kwenye beta. Kinahesabu vyote halafu kinaviita jina moja." Akaniomba kitu cha aluminiamu. Nikamletea mfuniko wa sufuria. Kupitia mfuniko, changu kikasoma 0.8. Tangu siku hiyo mfuniko ule haujarudi jikoni.

Kisha akanifanyia hesabu kwenye daftari langu la mizani, na bado ipo, kati ya kilo za mota na kilo za betri. Ili mtu apate kutoka kwenye mabomba yale kiasi anachopata kwa asili katika mwaka mzima, kwa ile 0.7 ya kipimo chao, anapaswa kuyakalia saa 3,400 hivi, yaani zaidi ya siku 140, usiku na mchana. Wapakiaji walimsikia. Nadhani dakika ile ilinilipa dola zangu zote 110.

Nikamuuliza, basi kwa nini fonderi inatunyanyasa? Akasema zile nguzo mbili hazijui kutofautisha gamba dogo lililo juu na kitu kikali kilichofunikwa na tani kumi za chuma. Kwazo vyote ni tik. Na kitu kikali kikiyeyushwa, tanuru lote limekwisha, na nondo zitakazotoka humo zitaingia kwenye nyumba za watu. Tangu hapo sikulaumu tena nguzo. Namlaumu bado mlinzi, kwa mdomo wake.

Mzee huyo tulimpa chai akakaa. Ni yeye aliyenieleza vitu ambavyo mimi na kemia yangu sikuvijua, hasa jinsi mji huu unavyoishi na nyuklia kila siku bila kuitaja. Kwenye viwanda vya madini, nje ya mabomba ya tope, kuna visanduku vyenye sesiamu-137: mionzi inapita upande mmoja wa bomba, inahesabiwa upande wa pili, na kadiri tope lilivyo zito ndivyo inavyofika kidogo. Mwendeshaji anajua uzito wa tope bila kulitoboa bomba. Wachomeleaji wa matangi na mabomba ya asidi wanapigiwa "radio" ya kiungo, yaani picha ya mionzi, kwa iridiamu-192, ili ufa uonekane kwenye filamu kabla haujaonekana kwenye mguu wa mtu. Binti yangu anayesomea unesi akaongeza la kwake: tukachukua bomba la sindano kutoka duka la dawa, na kwenye pakiti kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa STERILE na herufi R. Maana yake vijidudu vimeuawa kwa mionzi, kiwandani, pakiti ikiwa imeshafungwa. Nyingine zina herufi EO. Hizo ni za gesi. Ile ya R niliipima. Kipimo kilisoma kama meza tupu, kwa sababu mionzi hiyo inapita na kuondoka, haibaki ndani ya plastiki.

Na Zanzibar! Hilo lilimfurahisha yaya kuliko yote. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kufikia mwaka 1997 kwa kuzalisha mbung'o Tanga, kuwapiga madume mionzi mpaka wasiweze kuzaa, na kuwamwaga kwa ndege juu ya kisiwa. Majike wakaolewa na madume hayo, watoto hakuna, ukoo ukafutika. Yaya alicheka mpaka akashika nguzo. "Kwa hiyo waliwaoza."

Mzee aliongea pia juu ya mitambo ya nyuklia ya Kinshasa, na hapo sauti yake ilibadilika. Wa kwanza, TRICO, uliwashwa mwaka 1959 kwenye chuo kikuu cha Lovanium, wa kwanza Afrika nzima, uhuru haujafika. Wa pili, wa megawati moja, ukafuata mwaka 1972, nao umezimwa tangu 2004. Alikorogea chai sukari ya tatu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kilo ya risasi tunanunua kiasi gani.

Swali hilo halikuwa la bure. Ndiyo sababu hasa ninaandika mapitio haya, wala si kwa ajili ya mabomba yangu manne. Vile visanduku vya sesiamu vimejengwa kwa chuma na risasi. Kile cha wapiga radio ya viungo ni kidogo kama begi la mkononi, lakini uzito wake unakaribia nusu mfuko wa simenti, kwa sababu kinga yake imetengenezwa kwa urani iliyopunguzwa nguvu, nzito kupita risasi. Mfanyabiashara wa mitraye akiona kitu kidogo chenye uzito wa kutoamini, moyo wake unacheka. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, vijana wawili waliingia kwenye kliniki iliyoachwa, wakatoa kichwa cha mashine ya kutibu saratani, wakakiuza depo. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu unaotoa mwanga wa bluu gizani. Mwenye depo akauona mzuri, akawagawia ndugu na jirani, watoto wakajipaka. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na 249 walikutwa na sesiamu mwilini au kwenye nguo. Aliyeshuku kwanza kwamba kitu kile ndicho kinachowaumiza alikuwa mke wa mwenye depo. Akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Naye ni mmoja wa wale wanne.

Mimi nimekaa kwenye mizani. Nilimwomba mzee arudie habari hiyo mara mbili.

Kwa hiyo wapakiaji wetu sasa wanazijua alama mbili. Ile ya zamani, ya njano, yenye kitu kama pangaboi la mapanga matatu. Na ile iliyotolewa mwaka 2007, pembetatu nyekundu yenye mionzi inayoshuka, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Hiyo ya pili mara nyingi imewekwa ndani, uione pale tu ulipoanza kufungua, na maana yake ni hiyo hiyo unayoiona: kimbia. Mashine ya eksirei ya hospitali, kwa upande mwingine, msiihofu. Haina chanzo ndani. Ikichomolewa umeme imekufa, ni mitraye kama friji, ingawa baadhi zina mafuta machafu ambayo ni kesi nyingine.

Sasa ubaya wa kipimo, maana si mapenzi yote haya. Kioo hakisomeki juani. Saa saba mchana unakiwekea kivuli kwa kofia. Tundu la kuchajia lililegea mwezi wa tatu wa kukitumia, ninalishikilia kwa mpira wa kufungia pesa. Betri wanayosema inafika saa 20 inafika 9, na kwa umeme wetu hizo 9 unazihesabu kwa uchungu. Kitabu chake ni Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Programu ya simu ilikataa kufunguka. King'ora kimewekwa kiwandani mahali pa chini mno, kilipiga kelele usiku wa kwanza tukaamka wote. Na mrija ni kioo: kikianguka kwenye saruji, umenunua tochi.

Kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Hakisikii alfa kabisa, kwa sababu alfa haipenyi hata kioo cha mrija. Maana yake vumbi la urani, ambalo madhara yake ni likivutwa hadi kwenye mapafu au likimezwa, kinaweza kulipita kama halipo. Mchimbaji asikitegemee, afute vumbi kwa maji, asile chakula shimoni, asilale na mawe chumbani. Na mzee alinionya jambo ambalo halimo kitabuni: mbele ya chanzo kikali mno, mrija wa bei hii unalemewa, unaweza kushuka hadi karibu na sifuri. Kama kilikuwa kinalia kama mvua na ghafla kikanyamaza, usifurahi. Rudi nyuma mbio.

Habari zilipoenea mtaani, depo ikawa zahanati. Waliniletea simu, kapenta, unga wa bukari, jiwe la malakiti, mtoto mwenye homa. Yote yalisoma meza tupu. Bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja jioni na kopo lililofungwa kwa gundi nyeusi, akanong'ona kwamba ni urani ya mgodi wa Shinkolobwe na mnunuzi wake yuko njiani kutoka Afrika Kusini, anahitaji tu mtu wa kuithibitisha. Nikapima mbele yake dakika tano: 0.14. Nikamwambia, baba, hii ni risasi, naweza kuipima kwa kilo. Alikasirika kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Labda naye alikuwa ameuziwa.

Shinkolobwe, kila mtu hapa analo la kusema juu yake, na kila mara ni bomu. Kweli, sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilitoka pale, karibu na Likasi. Kisichosemwa ni kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanaifuata radiamu. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa inasafirisha mawe yale hadi Olen, Ubelgiji, kutoa radiamu ya kutibu saratani, na urani ilikuwa mabaki. Dawa ilitangulia.

Hilo nalisema kwa sababu ya mama mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mwaka huu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Watoto wake walichanga, wakampitisha mpakani Kasumbalesa hadi Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya saratani iliyofunguliwa 2007, wakampiga mionzi wiki kadhaa, akarudi. Amekonda, lakini anatembea. Jirani wakaanza kumkwepa. Kwenye matanga walimwekea sahani yake peke yake. Mkwe wake akamzuia kumbeba mjukuu, eti mionzi imemshika na itamshika mtoto. Mama huyo hakulalamika, alianza tu kukaa upande wa mlango, kila mahali, bila kuambiwa.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda na kipimo changu kilichofungwa mpira. Nikaomba ruhusa yake kwanza, nikamwambia, mama, nikikupima mbele ya watu, hutaona vibaya? Akasema, "Pima, mwanangu. Mimi mwenyewe nataka kujua." Nikapima meza: tik, kimya, tik. Dakika tatu, 0.13. Nikapima mkwe wake: 0.14. Nikakiweka tumboni kwa mama, juu ya kitenge. Chumba kizima kilikuwa kinahesabu. Dakika tatu, 0.12. Mionzi ya mashine inapita kama mwanga wa tochi; ukizima, haibaki ukutani. (Wapo wanaomezeshwa iodini yenye mnururisho kwa ugonjwa wa tezi, hao daktari huwaambia wajitenge siku kadhaa. Yeye hakuwa mmoja wao.) Hakuna aliyesema kitu. Bibi mmoja alisogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyo kando yake.

Nikiwa njiani kurudi nikawaza kobalti. Mashine nyingi za kutibu saratani, na mitambo ya kusafisha sindano, zinatumia kobalti-60. Kobalti-60 haichimbwi, ni kobalti ya kawaida, hii hii inayopita kwa malori barabara ya Kasumbalesa usiku kucha, iliyowekwa ndani ya mtambo wa nyuklia ikamezeshwa nyutroni. Nusu yake inapotea kila miaka mitano na ushee, ndipo inabidi inunuliwe nyingine. Jiwe linavuka mpaka kwenda kusini, na nyuma yake mgonjwa anavuka kulifuata, kwa nauli yake.

Alama: kwa mwenye depo ya mitraye, nakipa 8 kwa 10, na pungufu ni ya tundu la chaji na kioo. Kwa shule yenye mwalimu wa kemia, 9, mradi kopo la karabai lipatikane. Kwa anayetaka kupima simu, chakula au bahati yake, sifuri, abaki na pesa zake.

Mabomba yale manne yalichukuliwa, mzigo uliobaki ulipita kati ya nguzo mbili bila neno, na dereva wetu sasa hawashi lori mpaka nimezunguka mzigo wote na ufagio wangu. Yaya amekubali tununue cha pili. Nimerudi kwa kijana wa simu. Bei imepanda hadi 125, na ameniomba picha yangu nikiwa na kipimo, aibandike dukani. Nimemwambia nitakuja kupigwa picha siku atakayobandua ile karatasi ya almasi.